Karanga, yai na ngozi ya mtoto: mzio wa chakula huanzia wapi?

Mwaka 2000 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kiliwapa wazazi ratiba iliyoonekana ya busara. Kama familia ina historia ya mzio, mtoto asionjeshwe maziwa ya ng'ombe mpaka atimize mwaka 1, yai mpaka miaka 2, na karanga, korosho na jamii yake pamoja na samaki mpaka miaka 3. Uingereza ilikuwa imetangulia mwaka 1998 kwa ushauri unaofanana kuhusu karanga, na huko hata mama mjamzito mwenye mzio katika familia aliambiwa ajiepushe nazo. Hoja ilikuwa rahisi kueleweka: kinga ya mtoto mchanga haijakomaa, basi usiichokoze mpaka ikomae.

Mwaka 2008 chama hichohicho kiliuondoa ushauri wake, kwa sababu ushahidi wa kuuunga mkono haukupatikana. Mwaka 2015 utafiti uliofanyika London ukaugeuza chini juu: watoto waliolishwa karanga mapema ndio waliosalimika, na walioepushwa ndio walioupata mzio kwa wingi. Ndiyo maana leo mzazi akiuliza yai aanze kumpa mtoto lini, hupata majibu yanayopingana, na kila anayemjibu ana ushauri wa kitaalamu wa kuegemea. Wanachotofautiana ni mwaka ambao ushauri huo ulitolewa.

Ni rahisi kusema kwamba ushauri wa zamani ndio uliozua wimbi la mzio, na wapo wanaosema hivyo. Hesabu haikubali moja kwa moja. Nchini Marekani, uchunguzi uliofanywa kwa simu uliwakuta asilimia 0.4 ya watoto wakiwa na mzio wa karanga mwaka 1997, asilimia 0.8 mwaka 2002 na asilimia 1.4 mwaka 2008. Idadi ilikuwa inapanda hata kabla ushauri ule haujapata muda wa kuzoeleka. Tunachoweza kusema bila kutia chumvi ni kwamba kuepusha hakukusaidia, na kwa watoto wa aina fulani kuliumiza. Kujua ni watoto wa aina gani, na kwa nini, ndiko kunakofungua fundo lote.

Mara ya kwanza ambayo si ya kwanza

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Mtoto anayejaa gesi na kuharisha kila akinywa maziwa huenda hana mzio hata kidogo. Tumbo lake halina kimeng'enya cha kutosha cha kusaga laktosi, yaani sukari ya maziwa. Hilo linasumbua lakini haliui. Mzio wa chakula ni kazi ya kinga ya mwili. Kinga huichukulia protini isiyo na madhara, kwa mfano ya yai au ya karanga, kana kwamba ni kimelea, ikatengeneza kingamwili za aina ya IgE zinazoitambua protini hiyo na si nyingine. Kingamwili hizo hujibandika kwenye seli za kinga ziitwazo seli za masti, zilizotapakaa katika ngozi, utumbo na njia ya hewa, zikasubiri. Protini ikipita tena, seli humwaga histamini na kemikali nyingine. Ndani ya dakika chache midomo inavimba, mabaka yenye kuwasha yanatokeza, mtoto anatapika. Mambo yakifika kwenye kupumua na mzunguko wa damu, hiyo ni anafilaksisi, na dawa yake ya kwanza ni sindano ya adrenalini.

Angalia mpangilio huo: kingamwili lazima zitangulie. Kabla ya siku ya mabaka, mwili ulishakutana na chakula kile mahali fulani na kukiweka kwenye orodha ya maadui. Lakini wazazi wengi huapa kwamba mtoto wao alivimba mara ya kwanza kabisa alipoonja karanga. Wanasema kweli, kwa maana kwamba ilikuwa mara ya kwanza kwa mdomo.

Sasa ile mara nyingine ilikuwa wapi? Kwa muda mrefu kidole kilinyoshewa tumbo la uzazi na maziwa ya mama: mama kala karanga, protini ikamfikia mtoto. Mwaka 2003 mtafiti wa mzio, Gideon Lack, na wenzake walichapisha uchambuzi wa maelfu ya watoto waliofuatiliwa tangu ujauzito katika eneo la Avon, Uingereza. Alichokula mama wakati wa ujauzito hakikuwa na uhusiano na mzio wa karanga. Kilichojitokeza ni kitu ambacho wachache walikuwa wamekifikiria: watoto wenye mzio walikuwa wamepakwa, kuliko wenzao, krimu zenye mafuta ya karanga kwenye ngozi iliyovimba na kuwasha.

Ngozi nzima ni ukuta mzuri. Ngozi yenye ukurutu, ambao wengi huuita pumu ya ngozi, ni ukuta wenye nyufa. Baadhi ya watoto huzaliwa na hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayosaidia kushikamanisha tabaka la juu la ngozi na kulitunzia unyevu. Mwaka 2006 watafiti walionyesha kwamba hitilafu hiyo ni chanzo kikubwa cha pumu ya ngozi, na baadaye ikahusishwa na mzio wa karanga pia. Halafu kuna vumbi. Katika nyumba ambako watu wanakula karanga, protini yake hupatikana kwenye vumbi la sebuleni na hata kwenye kitanda cha mtoto, na iko kwenye mikono ya anayembeba. Mtoto ambaye hajawahi kupewa hata chembe mdomoni anaweza kuwa anaipokea kila siku kupitia mashavu yanayowasha.

Upande wa tumbo habari ni nyingine kabisa, na si mpya. Mwaka 1911 mtafiti wa Marekani, Harry Gideon Wells, aligundua kwamba panya-buku waliokuwa wamelishwa protini ya yai hawakupata mshtuko wa mzio walipochomwa sindano ya protini hiyohiyo, ilhali wasiolishwa walipata. Utumbo una mfumo wake wa kuvumilia: humo hukuzwa seli T dhibiti, ambazo kazi yake ni kuituliza kinga isipigane na kile kinachotulisha. Bila mfumo huo kila mlo ungekuwa vita. Protini inayoingia kwa mdomo ni mgeni aliyebisha hodi mlangoni na kukaribishwa. Ileile ikipenya kwenye ngozi iliyopasuka inakuwa mtu aliyeruka ukuta usiku, na hata akirudi kesho mchana kupitia mlangoni atapokelewa kwa marungu.

Nadharia hii ya njia mbili, ngozi inayofundisha uadui na tumbo linalofundisha uvumilivu, inaeleza kwa nini ushauri wa mwaka 2000 uliharibika pale ulipohitajika zaidi. Uliufunga mlango na kuuacha ukuta ulivyo. Mtoto mwenye pumu ya ngozi, katika nyumba yenye karanga, akanyimwa njia pekee ambayo ingemzoesha.

Na hapa ndipo unapoona uzito wa ngozi. Utafiti wa HealthNuts wa Melbourne, Australia, uliwapima watoto zaidi ya 5,000 wa mwaka 1. Kati ya wenye pumu ya ngozi, 1 katika 5 alikuwa na mzio wa yai, karanga au ufuta. Kati ya wasiokuwa nayo, 1 katika 25. Ukitaka kujua ni mtoto gani wa kumwangalia kwa makini, usianze na kuuliza shangazi yake ana mzio wa nini. Tazama mashavu yake, na mikunjo ya viwiko na magoti.

Watoto 640

Lack alipata fununu nyingine kwa kulinganisha watoto wa Kiyahudi wa Uingereza na wa Israeli, jamii zenye nasaba ya karibu. Utafiti uliochapishwa 2008 ulikuta mzio wa karanga kwa asilimia 1.85 ya watoto wa Uingereza na asilimia 0.17 tu ya wale wa Israeli, tofauti ya karibu mara 10. Watoto wa Israeli walikuwa wanakula vitafunwa laini vya karanga tangu wakiwa na miezi michache. Wale wa Uingereza, kwa kuzingatia ushauri, wengi wao hawakuwa wanakula kabisa katika mwaka wao wa kwanza.

Ulinganisho wa namna hiyo ni fununu, si ushahidi; nchi mbili zinaweza kutofautiana kwa mambo mia. Kwa hiyo likafanyika jaribio lenyewe, lile la London lililotajwa mwanzoni, lililopewa jina la LEAP. Watoto 640 wa miezi 4 hadi 11, wote wenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai au vyote viwili, waligawanywa kwa kura. Nusu wale protini ya karanga angalau gramu 6 kwa wiki, ikigawanywa katika milo 3 au zaidi. Nusu wasionje kabisa. Wakasubiriwa mpaka watimize miaka 5.

Walioepuka: asilimia 17.2 walikuwa na mzio wa karanga. Waliokula: asilimia 3.2. Tofauti ya namna hiyo haipatikani mara nyingi katika utafiti wa kinga ya magonjwa ya watoto. Hata wale ambao tayari kipimo cha ngozi kilikuwa kimeonyesha dalili ndogo ya kuanza kuikataa karanga walinufaika: asilimia 35.3 kwa walioepuka, asilimia 10.6 kwa waliokula. Kisha waliokula waliambiwa waache kwa mwaka mzima, ili ionekane kama uvumilivu ule ulitegemea kula kila wiki. Haukuyeyuka. Mwaka 2024 zilichapishwa taarifa za watoto hao walipofika ujana, wengi wao wakiwa wameshajilia karanga au kuziacha wanavyotaka kwa miaka, na tofauti ilikuwa bado ipo: asilimia 15.4 dhidi ya 4.4.

Kuna jambo katika LEAP ambalo habari za magazetini huliruka, nami nadhani ndilo muhimu kuliko asilimia zote. Kabla ya kuanza, kila mtoto alifanyiwa kipimo cha ngozi: tone la kimiminika cha karanga mkononi au mgongoni, kichomo kidogo kupitia tone hilo, dakika 15 za kusubiri, kisha rula ya kupima kivimbe. Watoto 76 walitokewa na kivimbe cha zaidi ya milimita 4. Hawa waliondolewa kwenye jaribio, kwa sababu walikuwa karibu hakika na mzio tayari. Walikuwa hawajafikisha hata mwaka. Tutawarudia.

Karanga si yai, na yai si maziwa

Baada ya mafanikio hayo ungedhani kilichobaki ni kurudia mbinu ileile kwa kila chakula. Haikuwa hivyo. Kwa yai, namna lilivyoandaliwa ndiyo iliyoamua. Majaribio yaliyotumia unga wa yai bichi kule Australia na Ujerumani yalikuta watoto wakipata mzio, wengine anafilaksisi, siku ya kwanza tu ya kulambishwa. Wajapani wakaja na yai lililopikwa. Katika jaribio la PETIT, watoto wenye pumu ya ngozi walitibiwa ngozi kwanza ikatulia, kisha wakaanza na miligramu 50 za unga wa yai lililopikwa wakiwa na miezi 6, wakapanda hadi miligramu 250 kuanzia miezi 9. Walipotimiza mwaka, asilimia 8 walikuwa na mzio wa yai, dhidi ya asilimia 38 ya waliopewa unga wa bandia usio na yai. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda wake kwa sababu haikuwa haki kuendelea kuwanyima kundi la pili. Moto hubadilisha umbo la protini za yai, na kiasi kile kilikuwa kidogo mno. Yote mawili yalisaidia.

Maziwa ya ng'ombe yana kigugumizi chao. Hapa swali si lini uanze tu, bali pia kama utaendelea. Wataalamu wa mzio wa Ulaya, katika mwongozo wao wa mwaka 2020, walipendekeza mtoto anayenyonya asipewe maziwa ya kopo ya ng'ombe ya kujazia katika wiki ya kwanza ya maisha. Chupa mbili tatu hospitalini wakati mama anasubiri maziwa yashuke, kisha kimya cha miezi, ndio mtindo unaotia shaka. Kwa upande mwingine, jaribio la Japani liliwachukua watoto ambao wengi wao walikuwa tayari wamekutana na maziwa ya kopo mwanzoni: waliopewa angalau mililita 10 kila siku katika mwezi wa pili wa maisha, huku wakiendelea kunyonya, walipata mzio kwa asilimia 0.8, na walioepushwa kwa asilimia 6.8. Sitaki mtu asome hapo ruhusa ya kumwanzishia kila mtoto maziwa ya kopo. Ninachokiona ni kwamba kuonja mara moja na kunyamaza kunaweza kuwa kubaya kuliko kutoonja, na chakula kikishaingia kwenye mlo wa mtoto kinatakiwa kibaki humo.

Jaribio la EAT la London lilijaribu vyakula 6 kwa mpigo: karanga, yai, maziwa ya ng'ombe, ufuta, samaki na ngano. Watoto 1,303 wa kawaida, wanaonyonya, bila kuchagua wenye hatari. Nusu walianza wakiwa na miezi 3. Ukiwahesabu wote kama walivyopangwa, mzio ulikuwa asilimia 5.6 kwa walioanza mapema na 7.1 kwa wengine, tofauti isiyotosha kusema lolote. Ukiwahesabu tu wale waliofuata maelekezo sawasawa, inakuwa asilimia 2.4 dhidi ya 7.3. Inavutia, lakini kuna mtego. Wazazi walioweza kulisha vyakula vyote 6 kila wiki walikuwa chini ya nusu, na yamkini watoto wao ndio waliokuwa na tumbo tulivu tangu mwanzo. Aliyeanza kukunja uso na kutapika huenda aliachishwa. Jaribio hilo lilifundisha kitu cha kibinadamu zaidi kuliko cha kinga: kumlisha mtoto wa miezi 4 vyakula 6 tofauti kila wiki ni kazi ngumu mno.

Je, hii inagombana na ziwa la mama?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6 ya kwanza, kisha aanzishiwe vyakula vya nyongeza huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 au zaidi. Wazazi wanaosikia "mapema" katika habari za mzio hushtuka: mapema kiasi gani?

Ugomvi ni mdogo kuliko unavyosikika. Ushauri wa miezi 6 una sababu nzito zisizohusu mzio, kuharisha na maambukizi zikiwa za kwanza, na mahali ambapo maji safi ni shida sababu hizo hushinda zote. Kwa mtoto asiye na pumu ya ngozi, hakuna kinachomlazimu mzazi kukimbilia kabla ya miezi 6. Kinachobadilika ni kinachofuata. Zamani mzazi alifika miezi 6, akaanza na nafaka na matunda, na vyakula "vya hatari" akaviweka kando mwaka mzima au miwili. Sasa vinaingia mapema miongoni mwa vyakula vya nyongeza, kabla ya mtoto kutimiza mwaka. Katika LEAP wapo walioanza wakiwa na miezi 10.

Mwenye pumu kali ya ngozi au mzio wa yai ndiye mwenye hesabu nyingine. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2017 unasema apimwe kwanza, na kipimo kikiruhusu aanze karanga kati ya miezi 4 na 6, baada ya kuonyesha kwamba anamudu chakula laini. Mwenye pumu ya ngozi ya wastani, karibu na miezi 6. Na katika EAT, walioanzishiwa mapema hawakuacha kunyonya zaidi ya wenzao. Chakula cha kijiko hakikuwa mshindani wa ziwa.

Kwamba maziwa ya mama yanazuia mzio wa chakula, hilo lingependeza kuandikwa, lakini tafiti hazijalithibitisha. Yana fadhila za kutosha bila kuongezewa hii.

Mengine tuyapitie haraka. Mama kujinyima yai, karanga au maziwa wakati wa ujauzito na kunyonyesha hakuzuii mzio wa mtoto, na humpunguzia mama lishe wakati anapoihitaji. Maziwa ya kopo ambayo protini zake zimevunjwavunjwa, yaliyouzwa kwa miaka kama kinga ya mzio, hayana ushahidi wa kutosha wa kuzuia. Bakteria wazuri wa kwenye pakiti, vitamini D, mafuta ya samaki: matokeo yanakwenda huku na huku. Wingi wa aina za vyakula katika mwaka wa kwanza unaonekana kuwa na heri. Utafiti wa PASTURE uliofuatilia watoto wa vijijini katika nchi 5 za Ulaya uliuhusisha na mzio mdogo zaidi. Huo ni uhusiano, haujawa ushahidi wa chanzo, ila ni ushauri usio na hasara.

Kijiko chenyewe

Karanga nzima haipewi mtoto wa chini ya miaka 5. Humpalia, na kupaliwa huko kunaweza kuua. Inayotumika ni siagi laini ya karanga, vijiko 2 vya chai, ikachanganywa na maji ya moto vijiko 2 au 3 mpaka iwe nyepesi, kisha ikaachwa ipoe. Siagi isiyozimuliwa nayo hunata kooni. Mtoto awe mzima siku hiyo, hana mafua wala homa, na iwe saa ambayo mtu mzima anaweza kukaa naye kwa saa 2 bila shughuli nyingine. Jioni ya kuelekea kulala haifai. Anza na ncha ya kijiko, subiri dakika 10. Uso ukibaki ulivyo, endelea na iliyobaki taratibu. Vijiko hivyo 2 vina takriban gramu 2 za protini, kwa hiyo mara 3 kwa wiki inafika kiwango cha LEAP. Yai liwe limeiva hadi kiini. Chakula kimoja kipya kwa siku, ili jambo likitokea ujulikane mhusika.

Wekundu kidogo kuzunguka mdomo palipogusana na chakula mara nyingi ni muwasho tu. Mabaka yaliyoinuka yanayosambaa mbali na mdomo, midomo au macho kuvimba, kutapika: acha, umwone daktari kabla ya kumpa tena. Kukohoa mfululizo, sauti kukwama, kuhema kwa shida, au mtoto mchanga kulegea na kupauka ghafla: hiyo ni dharura, hospitali saa hiyohiyo. Upo pia mzio wa aina nyingine usiotumia IgE, ambao mtoto hutapika mfululizo saa 1 hadi 4 baada ya kula, bila mabaka yoyote. Wazazi na hata madaktari huufikiria kuwa ni maambukizi ya tumbo mpaka urudie mara ya pili kwa chakula kilekile.

Na usikimbilie kupima damu ya mtoto asiye na dalili kwa kila chakula kilichopo kwenye orodha ya maabara. Kipimo kikionyesha IgE ya yai, kinasema mwili umelitambua yai. Hakisemi kwamba mtoto ataumwa akilila. Wapo watoto wengi wenye kipimo chenye dalili wanaokula yai kila siku bila tatizo, na uthibitisho wenyewe hupatikana kwa kumlisha mtoto kidogokidogo mbele ya madaktari. Mtoto aliyenyang'anywa chakula alichokuwa anakivumilia kwa sababu ya karatasi ya maabara anaweza kupoteza uvumilivu huo. Naona ni kosa la kusikitisha kuliko mengine, kwa kuwa linafanywa kwa nia njema na kwa gharama.

Wale 76

Australia ilibadilisha miongozo yake mwaka 2016, na wazazi waliitikia: watoto walio wengi sasa wanakula karanga kabla ya mwaka 1. Watafiti wa Melbourne wakarudi kupima. Mzio wa karanga kwa watoto wa mwaka 1 ulikuwa asilimia 3.1 kabla, na asilimia 2.6 mwaka 2018 na 2019. Umeshuka, lakini kwa kiasi ambacho kinaweza kuwa bahati tu. Nchini Marekani, uchambuzi wa kumbukumbu za kliniki uliochapishwa 2025 ulitoa picha yenye matumaini zaidi, utambuzi mpya wa mzio wa karanga kwa watoto wadogo ukiwa umepungua waziwazi baada ya miongozo kubadilika. Lakini hakuna mahali ambapo mzio umeporomoka kama ulivyoporomoka ndani ya LEAP.

Sehemu ya sababu ni wale 76. LEAP iliwaondoa watoto ambao ngozi ilikuwa imeshawahi kabla ya kijiko; nchi nzima haiwezi kumwondoa mtu. Wapo watoto ambao wakiwa na miezi 4 tayari wamechelewa. Kwao mlo hauwezi kuwa mwanzo wa kinga, lazima uanzie kwenye ngozi, wiki za kwanza baada ya kuzaliwa.

Jaribio la kwanza lililofikirika lilikuwa rahisi: paka kila mtoto mafuta ya kulainisha ngozi kila siku tangu kuzaliwa. BEEP ya Uingereza, iliyochapishwa 2020, ilifanya hivyo kwa watoto wenye historia ya mzio katika familia. Pumu ya ngozi haikupungua, na maambukizi ya ngozi yaliongezeka kidogo. Wajapani wakaenda hatua nyingine na jaribio la PACI. Hawakusubiri kuzuia, walichukua watoto 650 wa wiki 7 hadi 13 ambao pumu ya ngozi ilikuwa imeshaanza, na kundi moja wakalitibu kwa nguvu, krimu ya steroidi mwili mzima, hata pale palipoonekana pazima. Kundi la pili lilipakwa palipo na vipele tu, kama kawaida. Watoto walipofika wiki 28, mzio wa yai ulikuwa asilimia 31.4 kwa waliotibiwa kwa nguvu na asilimia 41.9 kwa wenzao. Kwa mara ya kwanza kutibu ngozi peke yake kulionekana kupunguza mzio wa chakula.

Watoto hao waliotibiwa kwa nguvu walikuwa pia wepesi kuliko wenzao kwa zaidi ya gramu 400, na wafupi kwa karibu sentimita 1, kwa sababu steroidi nyingi kwenye ngozi ya mtoto mdogo huingia mwilini. Watafiti wenyewe waliandika kwamba matibabu ya namna ile, kwa kipimo kile, yasipelekwe kliniki kama yalivyo. Kinachotafutwa sasa ni krimu na ratiba ya kuutuliza ukurutu wa mtoto wa miezi 2 bila kugusa kimo chake.